Furaha ya Bwana na Sehemu ya Asiye na Kitu

Somo: Nehemia 8:1–12



Katika mitaa yetu ya vijijini aya ya 10 ya sura hii hutajwa mara nyingi: kwamba furaha ya Bwana ndiyo nguvu ya watu wake. Lakini twaishika nusu ya mwisho tu. Tuitazame yote.

1. Watu wenyewe
Watu wa Yerusalemu hawakuwa matajiri. Ukuta ulikuwa umemalizwa kwa siku 52 (6:15), lakini sura ya 5 yaeleza kwamba wengine walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Sisi wa Singida twayaelewa hayo. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Zikikatika mapema, uwele na mtama hukauka, na mwenye shida huuza mbuzi wake kwa bei ya kutupa.

2. Neno likaeleweka
Ezra alisoma tangu asubuhi hata adhuhuri, na Walawi wakaeleza maana. Watu wakalia, kisha wakafurahi. Aya ya 12 yatoa sababu: walikuwa wameyaelewa maneno waliyosomewa. Basi mtaa mdogo usiofikiwa na kasisi kila Jumapili usijidharau. Katekista akisoma vizuri na kueleza vizuri, chemchemi ya furaha iko pale pale.

3. Sehemu ikapelekwa
Kabla ya kutaja furaha, aya ya 10 yaagiza watu wale, wanywe, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Hii ndiyo nusu tunayoisahau.

Mwaka mmoja wa ukame, katika mtaa tuliokuwa tukisali, tulifanya sikukuu ya mavuno. Kwaya iliimba, na mnada wa kuku na nafaka ukachangamka. Jioni tulipita kwa mama mmoja mjane, ambaye hakuwa na desturi ya kukosa ibada. Tulimkuta ameketi peke yake. Akatuambia, "Mwalimu, ningekuja na nini mkononi?" Twakiri tuliona aibu. Nyimbo zetu zilikuwa zimefika mpaka uani kwake, lakini kwake zilikuwa mzigo, si nguvu.

Mwaka uliofuata wazee wa kanisa walikubaliana kwamba sehemu ya nafaka itengwe kabla ya mnada, na akina mama waipeleke Jumamosi, kimya kimya, kwa nyumba zisizo na kitu, ziwe za Wakristo au za wengine. Jumapili yule mama alikuja. Mkononi alikuwa na kibaba kimoja cha uwele, kutoka katika nafaka ile ile aliyopelekewa. Akakitoa sadaka, akaimba pamoja nasi.

4. Furaha ivuke mlango wa kanisa
Dayosisi yetu ya Rift Valley, yenye makao yake Manyoni, ilizaliwa mwaka 1991 kutoka Dayosisi ya Central Tanganyika. Hospitali ya Mtakatifu Yohana pale Kilimatinde ni sehemu iliyopelekwa kwa wagonjwa, na wanaotibiwa humo si Waanglikana tu. Lakini tusiiachie hospitali kazi yote. Katika wilaya hiyo hiyo yapo makazi ya wazee na wasiojiweza ya Sukamahela. Na kila kijiji kina nyumba ambayo moshi wa jikoni hauonekani jioni. Kanisa la kijijini lina nguvu moja ambayo mji mkubwa hauna: twajuana kwa majina. Twaijua nyumba ile.

Maswali ya kujadili
1. Ni nani ambaye hakuja kwenye sikukuu yetu iliyopita, na kwa nini?
2. Twawezaje kumpelekea mtu sehemu yake bila kumwaibisha?
3. Je, jirani asiye Mkristo aweza kusema kwamba furaha yetu imemfaa?

Tuombe
Ee Bwana, utufahamishe Neno lako, utupe furaha itokayo kwako, wala usituache tuile peke yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.