Niliapa kwa sababu ya Dube, sasa sina baraza

"Mimi ni mkaazi wa Mkunazini, Yanga tangu utotoni, na baraza letu zima ni la Yanga. Julai 2024 klabu ilipomtangaza Prince Dube kutoka Azam tuligawika. Mimi nikasema tumesajili mgonjwa. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyetufundisha mpira Mnazi Mmoja tulipokuwa watoto, akasema tumpe muda. Basi kila Dube alipokosa bao nilikuwa namsema mzee, si Dube. Siku moja ya Novemba nilimwambia mbele ya watu kuwa uzee umeshamfika kwenye macho, kisha nikaapa: wallahi huyu akifikisha mabao kumi ya ligi, mimi sikai tena baraza hili. Alichokifanya Dube mnakijua. Tangu afikishe kumi nazunguka njia ya mbali kwenda nyumbani nisionane nao. Mzee hajaniletea hata salamu. Mke wangu ananiambia huo ni mpira tu, nirudi. Mimi naona nikirudi nitakuwa mwongo mbele ya Mungu na mbele ya watu. Nifanye nini?"

Aliyehama baraza, Mjini Unguja

Mwanangu, mkeo ana nia njema, lakini hilo la "mpira tu" silikubali, na wewe hulikubali pia, ndiyo maana umeandika. Baraza la kahawa la Mji Mkongwe ndipo mtu anapopata habari ya msiba, ya kazi, ya posa ya mtoto wa jirani. Ndipo anapoulizwa yuko wapi akikosekana siku mbili. Aliyelikosa amekosa jamaa zake wa kila jioni, na huzuni yako ina haki yake.

Tuanze na Dube, maana najua hutasikia jengine mpaka hilo liishe.

Ubishi wako wa Julai ulikuwa na hoja. Fiston Mayele aliondoka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, baada ya kufunga mabao 17 ya ligi na kuibeba Yanga hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu wote uliofuata Yanga walihangaika na namba tisa. Alikuja Hafiz Konkoni, akaja Joseph Guede, na mwisho mfungaji bora wa ligi akawa kiungo, Stephane Aziz Ki, kwa mabao 21. Baada ya hapo unaletewa mshambuliaji ambaye majeraha yalikuwa yakimtoa na kumrudisha uwanjani, na ambaye ameachana na Azam kwa mvutano wa mkataba. Mwana-Yanga aliyeuliza "huyu ndiye mrithi wa Mayele?" hakufanya kosa. Klabu ni ya wananchi, na wananchi wana haki ya kuhoji usajili.

Mzee naye alikuwa na hoja yake. Dube alipotua Azam 2020 kutoka Highlanders ya Bulawayo, msimu wake wa kwanza tu alikuwa katika kundi la wafungaji wakubwa wa ligi. Aliyemtazama akiwa mzima alijua kwamba mchezaji yumo, na kinachotakiwa ni mwili utulie na timu imzoee. Ila Novemba ile ilikuwa ngumu kwa kila mwana-Yanga. Azam ikatufunga 1-0, siku chache baadaye Tabora United ikatupiga 3-1, kocha Miguel Gamondi akaondoka na Sead Ramovic akashika timu. Dube hakuwa na bao hata moja la ligi. Neno garasa, yaani mchezaji asiyefaa, lilikuwa midomoni mwa watu wengi, si mwako peke yako.

Kisha Desemba 14 akasawazisha mwishoni kabisa kule Lubumbashi dhidi ya TP Mazembe, 1-1. Siku tano baadaye akaitwanga Mashujaa mabao matatu katika ushindi wa 3-2. Ligi akaimaliza na 13, bao moja tu nyuma ya Clement Mzize, na ubingwa ukabaki Yanga kwa mara ya nne mfululizo. Juni 25, 2025, tuliwafunga Simba 2-0, na siku nne baadaye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ikachezwa hapa hapa uwanja wa Amaan, Yanga 2, Singida Black Stars 0. Furaha ile ilikuwa ya kwako kama ya mtu mwengine yeyote, nawe ukakosa wa kuinywea kahawa.

Hukumu za mapema juu ya washambuliaji zina historia ndefu nchini kwetu. Amissi Tambwe alikuwa mfungaji bora wa ligi ya 2013/2014 kwa mabao 19 akiwa Simba. Desemba 2014 Simba wakamwacha, sisi tukamchukua, na msimu wa 2015/2016 akafunga 21. Emmanuel Okwi, kipenzi cha Simba, alivaa jezi ya Yanga mwishoni mwa 2013, na watu walinuniana kwa ajili yake. Kabla mwaka 2014 haujaisha alikwisharudi Simba, na msimu wa 2017/2018 akawafungia mabao 20 wakachukua ubingwa. Waliokatiana salamu kwa ajili ya Okwi walibaki na ugomvi ambao mwenyewe hakuwahi kuujua.

Kwa hiyo, kuhusu Dube ulikosea makadirio. Hilo si dhambi, na hakuna shabiki asiyewahi kukosea. Dube humdai wala hakudai, na hata angemaliza msimu bila bao, deni ulilonalo lingebaki vile vile. Isome tena barua yako, mwanangu. Umeandika kwa mkono wako kwamba ulikuwa unamsema mzee, si Dube.

Mtu wa rika la mzee huyo aliyekulia mjini hapa ameiona Malindi ikichukua ubingwa wa Muungano 1989, ikarudia 1992. Ameona Zanzibar wakileta Kombe la Chalenji 1995. Baada ya yote hayo bado alikwenda Mnazi Mmoja jioni kuwafundisha watoto wa watu kupiga pasi, na wewe ulikuwa mmoja wao. Macho yaliyokutazama wewe ukijifunza mpira ndiyo uliyoyatukana mbele ya watu. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu sioni katika barua yako kama umelipima. Umehesabu mabao, umehesabu kiapo chako, lakini umesema mzee "hajaniletea hata salamu", kana kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wa kuanza. Mkubwa aliyevunjiwa heshima mbele ya vijana hatumi salamu. Hungoja aliyekosa aje.

Sasa kiapo. Umefanya vizuri kutokichukulia mzaha, maana wallahi si neno la kupambia ubishi. Lakini dini haikukufunga mlango. Mafundisho yanajulikana: aliyeapa jambo kisha akaona lililo bora zaidi, alifanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara yenyewe imo katika Surat al-Maida, aya ya 89. Siku hizi hakuna mtumwa wa kuachwa huru, kwa hiyo kwako ni kulisha maskini kumi chakula cha wastani unachowalisha watu wako nyumbani, au kuwavisha. Kufunga siku tatu ni kwa asiyeweza hayo. Wengi wetu hukimbilia kufunga kwa kuwa hakutoki mfukoni. Ikiwa una uwezo wa kulisha, lisha. Mwendee sheikh wa msikiti wako, au Ofisi ya Mufti, umweleze maneno halisi uliyoyatamka, akuongoze namna ya kuitoa. Kuunga udugu na mtu aliyekulea ni bora kuliko kushikilia kiapo cha hasira, hilo sina shaka nalo.

Ukishatoa kafara, nenda kwa mzee nyumbani kwake, si barazani. Nenda baada ya Magharibi, nenda mwenyewe, usitume rafiki wala ujumbe wa simu. Mpe shikamoo yake kamili, kisha mtake radhi kwa neno ulilomwambia, ulitaje neno lenyewe, na usiweke "lakini" nyuma yake. Siku hiyo usimtaje Dube, wala Gamondi, wala matokeo ya Tabora. Ukianza kueleza kwa nini ulikasirika utakuwa umeurudisha ubishi ndani ya nyumba yake. Akikaa kimya, kaa naye. Akikusema, msikilize mpaka amalize.

Kisha muombe ruhusa umfuate barazani. Tusi lilitoka mbele ya watu, na radhi lazima isikiwe na watu wale wale. Sema maneno machache ukiwa umesimama, halafu kaa. Watakupiga vijembe, na baadhi vitakuwa vikali, kwa sababu wamevihifadhi kwa miezi. Vipokee vyote bila kujibu.

Jambo moja zaidi, na hili naliomba kwa moyo wangu wote. Mchukue mzee siku moja mwende Amaan kuangalia ligi yetu, Malindi au Mlandege au KMKM. Januari 2024 Mlandege waliifunga Simba 1-0 na kubeba Kombe la Mapinduzi, na bado ligi yetu mara nyingi huchezwa mbele ya viti vitupu huku sisi tumekaa barazani tukigombana kwa usajili wa Dar es Salaam. Mtu aliyefundisha watoto Mnazi Mmoja atafurahi kuliko zawadi yoyote utakayomnunulia.

Anza na sheikh wako Ijumaa hii, na usiipitishe wiki ijayo hujabisha hodi kwa mzee.