Dondoo muhimu: Ambu na mapafu ya kichanga

Kichanga wa kilo 3 anahitaji mililita 12 hadi 18 tu za hewa kwa pumzi moja. Ambu yake, yaani mfuko wa kusukuma hewa mapafuni kwa mkono, hubeba zaidi ya 200. Ndiyo maana ibonyezwe kwa vidole, si kwa kiganja kizima, na uachie mara kifua kinapoinuka. Mara 40 hadi 60 kwa dakika zinatosha.

Kifua kikigoma kuinuka, usikimbilie nguvu: rekebisha kichwa, safisha kinywa, hakikisha barakoa haivujishi hewa. Vali ya usalama ya ambu ipo kupunguza shinikizo likizidi. Usiizibe kwa mazoea. Hali ikidorora ghafla na hewa haisikiki upande mmoja wa kifua, shuku pafu limetoboka, ita daktari haraka.