Haya Ipitayo Kiasi, na Dawa Yake

Haya ni jambo jema. Mtoto mwenye haya hawatukani wakubwa, hajisifu mbele za watu, wala hawakatizi wenzake wanaposema. Wazee wetu waliwafundisha watoto wao haya, nao walifanya vyema. Lakini kila kitu kina kiasi chake. Chumvi hukoleza mchuzi, bali ikizidi, mchuzi hauliki. Vivyo hivyo haya ikipita kiasi huacha kuwa adabu, ikawa kifungo.

Na tumtazame mtu aliyefungwa na haya ya namna hiyo. Akiona watu wamesimama njiani, huzunguka kwa njia nyingine ili asikutane nao. Wageni wakipiga hodi, huingia chumba cha ndani akakaa huko mpaka waondoke. Shuleni mwalimu akiuliza swali, huinamisha kichwa, hata kama jibu analijua. Wakati wa kucheza husimama peke yake chini ya mti. Wenzake hudhani kwamba ana kiburi, kumbe ana woga. Naye hudhani kwamba wenzake hawampendi, kumbe hawamjui.

Hasara yake si ndogo. Fikirini mtoto asiyeona vizuri maandishi ya ubaoni. Maneno machache yangetosha: "Mwalimu, sioni vizuri; naomba nikae mbele." Lakini kwa ajili ya haya huyameza maneno hayo leo, na kesho, muhula hata muhula. Hunakili makosa, hushindwa na hesabu, na mwishowe watu husema kwamba hana akili. Akili anazo, alichokosa ni ujasiri wa kusema maneno sita. Tena mtoto mwenye maumivu, au mtoto anayeonewa na wakubwa wake njiani, asipomwambia mtu, atasaidiwaje? Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jinsi haya inavyokua

Mwenye haya akikaribia watu, moyo humwenda mbio, kinywa humkauka, na viganja vyake hutoka jasho. Ndivyo mwili ufanyavyo kila unapodhani kwamba iko hatari. Akigeuka akaenda zake, moyo hutulia mara moja, naye huona raha. Lakini raha hiyo humdanganya, kwani humfundisha kwamba usalama uko katika kukimbia. Kesho yake hofu humjia kwa nguvu zaidi, na njia ya kuzunguka huwa ndefu zaidi.

Bali akisimama pale pale akasema neno moja, moyo utapiga kwa muda mfupi, kisha utaanza kutulia wenyewe. Akifanya hivyo mara nyingi, mwili hujifunza kwamba hapakuwa na hatari yo yote. Kwa hiyo mtu angojaye woga umtoke kwanza ndipo aseme, atangoja siku zote. Ujasiri hautangulii. Maneno madogo hutangulia, na ujasiri hufuata nyuma.

Habari za kijana aliyewakimbia watu

Jambo hili laonekana wazi katika maisha ya Mohandas Gandhi, aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa watu wa Bara Hindi. Alizaliwa katika mji wa Porbandar mwaka 1869. Yeye mwenyewe ameeleza, katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake, kwamba alipokuwa mwanafunzi alikuwa na haya nyingi mno. Alifika shuleni saa ile ile ya kuanza masomo, na masomo yalipokwisha alirudi nyumbani mbio, ili mtu asipate nafasi ya kusema naye. Aliogopa kuchekwa. Rafiki zake walikuwa vitabu vyake.

Mwaka 1888 alisafiri kwenda Uingereza kujifunza sheria. Melini aliona haya kusema Kiingereza, tena hakujua kutumia kisu na uma. Basi hakwenda kula pamoja na wasafiri wengine, bali alikula chumbani mwake matunda na vitu vitamu alivyochukua kutoka kwao. Huko London aliingia katika chama cha watu wasiokula nyama, akachaguliwa kuwa mmoja wa kamati. Hata hivyo alihudhuria mikutano bila kusema. Siku moja aliandika maoni yake katika karatasi, asiweze hata kuyasoma. Ikabidi mtu mwingine amsomee.

Aliporudi kwao mwaka 1891 alikuwa wakili kamili. Katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay alisimama ili awaulize mashahidi, lakini kichwa kilimzunguka, asipate hata swali moja la kuuliza. Akaketi, akarudisha malipo, akatoka kortini upesi. Tazameni: elimu alikuwa nayo, na cheo alikuwa nacho, lakini haya ilimfunga kinywa mbele ya mtu aliyemtegemea.

Mwezi wa Aprili mwaka 1893 alipanda meli kwenda Afrika ya Kusini kufanya kazi ya wafanya biashara fulani. Safari hii hakujificha. Alifanya urafiki na nahodha, ambaye alimfundisha mchezo wa sataranji. Meli ilipotia nanga Lamu kwa muda wa saa chache, Gandhi alishuka pwani, akaenda posta, akawakuta makarani Wahindi, akazungumza nao kwa furaha. Akawatazama wenyeji pia, akataka kujua desturi zao. Alipendezwa hata akakawia, akaponea chupuchupu kuachwa na meli! Hakutoa hotuba huko Lamu. Alizungumza tu na makarani wa posta. Lakini mtu aliyekuwa akikimbia nyumbani ili asisemeshwe, sasa alishuka melini kwenda kuwatafuta watu.

Meli ikapita Mombasa, na Unguja akabadili meli, hata akafika Natal mwezi wa Mei. Kutoka huko alikwenda Pretoria. Katika nchi ile aliona jinsi Wahindi walivyodhulumiwa, na jambo hilo lilimpa sababu ya kusema. Mwaka huo huo aliwakusanya Wahindi wa Pretoria, akawahutubia juu ya kusema kweli katika biashara. Yeye mwenyewe amesema kwamba hiyo ndiyo hotuba yake ya kwanza mbele ya watu. Tena alijitolea kuwafundisha Kiingereza wale waliotaka. Wakapatikana watatu: kinyozi mmoja, karani mmoja, na mwenye duka dogo. Kwa kuwa hawakuwa na nafasi ya kumwendea, yeye ndiye aliyewaendea mahali pao pa kazi. Wakati mwingine aliwakuta wana shughuli, naye hakuchoka.

Je, haya yake ilikwisha kabisa? La. Alisema kwamba haikumtoka yote, tena kwamba ilimfaa, maana ilimfundisha kupima maneno yake kabla ya kuyatoa. Basi dawa tunayoitafuta si ya kumgeuza mtu mpole awe mpayukaji. Ni dawa ya kumfungua kinywa panapo haja ya kusema.

Maneno yaliyo tayari

Mwenye haya husema: "Nikikutana na mtu, nitamwambia nini?" Sisi tunaosema Kiswahili tulijibiwa swali hilo tangu zamani. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za asubuhi?" "Njema." "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Apigaye hodi hujua kwamba ataitikiwa karibu. Neno la kwanza limewekwa tayari, na jibu lake limewekwa tayari. Ni nani atakayekucheka kwa kusema lile ambalo kila mtu husema? Salamu ni daraja lililojengwa na wazee. Kazi yako ni kulivuka tu.

Labda utasema: "Lakini watu hawapendi kusumbuliwa." Neno hilo limepimwa. Katika mji wa Chicago, huko Marekani, watu wengi hupanda gari la moshi kwenda kazini, nao huketi bega kwa bega bila kusemezana. Wataalamu wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, waliwaomba baadhi ya wasafiri wazungumze na mtu wasiyemjua, na wengine wakae kimya peke yao. Wasafiri wengine waliulizwa wakisie tu mambo yatakavyokuwa, nao wakakisia kwamba safari ya mazungumzo itachukiza kuliko safari ya kimya. Lakini wale waliozungumza kweli walisema kwamba safari yao ilikuwa ya kupendeza zaidi kuliko walivyosema wale waliokaa kimya. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2014. Basi mjue kwamba hofu ni mkisiaji mbaya.

Mazoezi ya kila siku

Haba na haba hujaza kibaba. Asiyewahi kusema darasani asianze kwa kuhutubia shule nzima. Na aanze na mambo madogo, kwa utaratibu huu:

Kwanza, kila siku uwe wa kwanza kuwasalimu watu watatu unaowafahamu: mama auzaye maandazi, mzee aketiye barazani kwake, mwenzako mnayepita naye njia moja. Inua uso, mtazame mtu, na sauti yako isikike. Salamu inayonong'onwa kwenye vidole vya miguu haimfikii mtu.

Pili, ukiisha kuzoea, ongeza swali moja baada ya salamu, ambalo haliwezi kujibiwa kwa neno moja tu. Kwa mfano: "Mama, maandazi haya mazuri mwayapikaje?" au "Babu, zamani mahali hapa palikuwaje?" Kisha sikiliza. Mwenye haya ana bahati katika jambo hili, kwa kuwa amezoea kunyamaza. Na watu humpenda asikilizaye kuliko asemaye siku nzima.

Tatu, toa neno la furaha kila upatapo nafasi. Mwenzako akifunga bao, mwambie, "Hongera!" Akikuazima kalamu, mwambie, "Asante sana." Ukiona mtu ana kazi, sema, "Pole kwa kazi," ukamshike mkono. Maneno ya namna hii hayana gharama, na uso wa mtu aliyeambiwa hubadilika mara moja.

Nne, mara moja kwa juma uliza swali darasani. Ukiogopa, liandike kwanza katika daftari lako, kisha nyosha mkono upesi kabla hofu haijapata nafasi ya kukushauri. Kuuliza si ujinga.

Siku nyingine mambo yatakwenda vibaya. Utamsalimu mtu asikuitikie, labda kwa kuwa ana mawazo yake. Utakosea neno, watu wacheke. Usirudi mafichoni kwa ajili hiyo. Cheka nao, kisha endelea. Kwani kicheko husahauliwa upesi na waliocheka, hata kama aliyechekwa anakikumbuka.

Angalieni pia mambo mawili. Kumsalimu mtu si kufuatana naye: mtoto asiende mahali na mtu asiyemjua, wala asipokee vitu kwake. Tena kuna ukimya ambao si haya. Mtoto aliyekuwa mchangamfu, kisha ghafula akajitenga na watu, labda ana msiba, ugonjwa, au jambo zito linalomtisha. Huyo haponywi kwa utani. Na mzazi, mwalimu au mtu mzima anayemwamini aambiwe, naye aketi naye polepole.

Wajibu wa wale wasio na haya

Sasa nasema nawe uliye mchangamfu. Mlango wa mwenzako umefungwa kwa ndani, lakini nawe waweza kubisha. Usimwite bubu, wala usimwigize sauti yake. Usimwambie mbele ya watu wote, "Mbona husemi?" maana neno hilo huongeza kufuli ya pili. Mwite kwa jina lake. Mpe kazi ya kufanya pamoja nawe, kama kuchota maji au kumwagilia bustani. Kwani mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea wenyewe. Akisema, msikilize mpaka amalize. Jifya moja haliinjiki chungu. Nasi kijijini twahitajiana.

Naye mwenye haya asingoje kuitwa. Kesho asubuhi atakutana na mtu njiani. Neno la kumwambia analo tayari.

Maswali

1. Haya njema na haya ipitayo kiasi hutofautianaje?
2. Mtoto asiyeona ubao alipata hasara gani kwa kunyamaza? Taja hasara nyingine mbili ziwezazo kumpata mwenye haya.
3. Kwa nini mtu akimbiaye watu leo huwaogopa zaidi kesho?
4. Gandhi alifanya nini katika meli ya mwaka 1888, na alifanya nini katika meli ya mwaka 1893? Eleza tofauti.
5. Wasafiri wa Chicago walikisia nini, na ukweli ulikuwaje?
6. Eleza maana ya methali hizi: Haba na haba hujaza kibaba; Jifya moja haliinjiki chungu.
7. Kwa muda wa siku saba, wasalimu watu watatu kila siku kabla hawajakusalimu. Jioni andika katika daftari walivyokuitikia. Siku ya nane andika insha fupi juu ya mambo uliyoyaona.