Pumu, Ubongo na Tabia ya Mtu

Katika sharika zetu wamo wenye pumu, na mara nyingi twasikia watu wakinena juu yao: "Huyo ana moyo mwepesi, ugonjwa wake ni woga tu." Je, neno hili ni la kweli? Na tulipime.

Kwanza, pumu ni ugonjwa wa mwili. Mirija ipitishayo hewa mapafuni huvimba ndani, misuli yake hukaza, na kohozi huiziba. Ndipo kifua hulia kama filimbi. Vumbi, moshi na baridi huweza kuianzisha.

Pili, ubongo nao una sehemu yake. Toka ubongoni washuka mshipa wa fahamu hata mapafuni, nao ukichochewa waweza kuikaza mirija ile. Mwaka 1886 daktari John Mackenzie wa Baltimore, Marekani, alimwonyesha mwanamke aliyedhuriwa na waridi ua lililotengenezwa kwa mikono tu. Naye akashikwa na ugonjwa wake. Tena mwaka 1968 madaktari wa New York waliwavutisha wagonjwa 40 mvuke wa maji ya chumvi, wakiwaambia ya kuwa una kitu cha kuwadhuru. Mirija ya watu 19 ilibana, na 12 kati yao walishikwa na pumu hasa. Kisha walipewa maji yale yale, wakaambiwa ni dawa, wakapata nafuu.

Angalieni sana: watu hao hawakujisingizia. Kubana kwa mirija yao kulipimwa kwa chombo.

Tatu, tabia. Zamani daktari Franz Alexander wa Chicago alifundisha ya kuwa pumu yatokana na kilio cha mtoto kilichozuiliwa moyoni. Waliochunguza baadaye hawakuona tabia moja iletayo pumu. Ni kweli, wasiwasi na huzuni huonekana zaidi kwa wenye pumu. Lakini ni nani asiyeogopa pumzi ikikatika?

Basi, ninyi walimu, msimkaripie mgonjwa, wala msiseme ya kuwa imani yake ni haba. Mketisheni wima, mwondoeni penye moshi, mpeni dawa yake ya kuvuta, na kusema naye kwa upole. Akishindwa kunena, au midomo ikigeuka rangi, mpelekeni hospitali mara moja. Upole wenu wamtuliza, lakini haushiki mahali pa dawa. Wala asiiache kwa kuwa leo hajambo.