Mafunzo Niliyopata Nikivua Trauti Mto Thiba Wakati wa Kiangazi

Januari na Februari, mvua za vuli zikishakatika, Mto Thiba upande wa kusini wa Mlima Kenya hupungua hadi unaweza kuhesabu kokoto zilizo chini. Njia za msituni zimekauka, maji hayana tope, na kila mgeni hudhani uvuvi utakuwa rahisi. Kumbe ukimwona samaki, naye anakuona.

1. Kipimajoto kwanza, ufito baadaye.

Trauti si mwenyeji wa huku. Mayai ya kwanza yaliletwa mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandikizwa Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Wanaishi karibu kabisa na ikweta kwa sababu ya baridi ya mlimani tu. Maji ya baridi hushika oksijeni nyingi. Yakipita nyuzi 20 hivi za selsiasi, trauti huanza kutaabika, na aliyechoshwa kwenye mshipi anaweza kufa hata ukimrudisha majini. Kwa hiyo nikiwa sehemu za chini, karibu na mashamba ya chai, napima maji asubuhi na kupima tena jua linapokaza. Yakishapata joto nafunga kazi, au napanda msituni kwenye vivuli.

2. Anza chini, panda juu.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa sababu chakula humjia kutoka huko. Ukimfuata kwa nyuma, uko upande asioutazama, na tope unalotibua kwa miguu linateremka mbali naye. Hilo limo katika vitabu vyote. Ambalo sikulikuta kitabuni ni jinsi kijana wa Kirinyaga anayenitembeza anavyosogelea kidimbwi: huchutama hatua kumi kabla ya ukingo, hutazama jua lilipo, kisha hunionyesha kwa kidevu pa kupiga goti. “Mzee, kivuli kisitutangulie,” huniambia. Ufito nao una kivuli, tena kirefu, na kikipita juu ya jiwe ambalo samaki anakula pembeni yake, hapo pamekwisha. Suruali zangu zote za mtoni zimetoboka magotini.

3. Tumbo la samaki linajua kuliko muuza duka.

Wauzaji wa nzi wa manyoya, yaani chambo bandia, wana visanduku vya rangi zote, na wavuvi tunapenda kununua. Lakini mpasue trauti mmoja uliyemchukua kwa ajili ya kitoweo, umwage yaliyo tumboni kwenye kiganja chenye maji. Mara nyingi nimekuta vijumba vidogo vya mchanga na vijiti, urefu wake kama punje ya mchele, kila kimoja na lava wa mdudu ndani. Samaki huwameza na nyumba zao. Chakula chake kingi kiko chini kwenye mawe, wala hakielei. Tangu hapo hufunga nzi mdogo mweusi au wa kahawia anayezama, na wale wanaoelea nawaweka kwa ajili ya jioni, wadudu wanapotoka majini kuruka na samaki kuanza kupasua uso wa maji.

4. Nzi asiburutwe.

Mkondo wa katikati huenda mbio kuliko wa pembeni, hivyo huuvuta mshipi, na mshipi humburuta nzi tofauti na mwendo wa maji aliyomo. Hakuna mdudu anayeogelea namna hiyo, na trauti analijua hilo. Dawa ni kurusha karibu, kunyanyua ufito juu, na kuacha sehemu ndogo iwezekanavyo ya mshipi iguse maji. Wanaojivunia kurusha mbali nawaachia mabwawa.

5. Msitu una wenyewe.

Tembo na nyati hunywa maji haya haya, na kelele za mto huwaficha. Siingii bila askari wa wanyamapori, hata samaki wawe wengi namna gani.

6. Mto hauishii kwangu.

Maji ya Thiba huteremka hadi mashamba ya mpunga ya Mwea, na kiangazi ndipo kila mtu huyahitaji. Mto ukipungua sana, samaki hujazana kwenye vidimbwi vichache, na kuwavua humo ni uroho. Ili samaki ninayemrudisha apone, nabana kile kijino cha ndoana kwa koleo, nalowesha mikono kabla ya kumshika samaki ili ute unaomkinga usitoke, na namtoa ndoana akiwa bado majini.

Wazee wengi wa Kikuyu hawakulelewa kwenye samaki, na wapo ambao hadi leo hunitazama kwa huruma nikipita na ufito. Wajukuu wao ndio huniomba. Nikichukua mmoja, namkaanga siku hiyo hiyo kwa chumvi na ndimu, bila viungo vingine, maana nyama yake laini haitaki kufunikwa.