Viatu vya Hoki vya Bei ya Juu: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kabla ya Kulipa

Jozi ya watu wazima ya ngazi ya juu kabisa kutoka Bauer, CCM au True hupita dola 1,000 za Kanada. Jozi ya katikati, ya familia hiyo hiyo ya viatu, hupatikana kwa dola 400 hadi 700. Ya kuanzia ni chini ya 200. Na bado kila Septemba, msimu wa hoki ya barafu unapofunguliwa, kutoka Toronto hadi Edmonton na ng'ambo ya mpaka hadi Minneapolis, yupo mzazi anayetoa hiyo elfu kwa ajili ya mtoto ambaye hajaweza kusimama kwa mguu mmoja kwenye barafu.

Maagizo haya ni ya mzazi huyo. Ni ya mtu mzima pia, aliyeanza kucheza ukubwani na sasa anaamini kinachomchelewesha ni viatu.

Jua unachouziwa. Bei ya kiatu cha hoki inagawanyika sehemu tatu: buti, kishikizi cha plastiki kilichopigiliwa chini yake, na chuma kinachogusa barafu. Ukipanda ngazi, buti linaacha plastiki na kitambaa kigumu na kuwa la nyuzi za kaboni. Linakuwa jepesi na halipindi kirahisi. Bitana inakauka upesi, ulimi unanenepa, chuma kinakaa na makali muda mrefu zaidi. Lakini kalibu, yaani umbo la ndani linaloukumbatia mguu, kwa kawaida ni ile ile kwa familia nzima. Kwa hiyo buti lisilokukaa kwa dola 500 halitakukaa kwa dola 1,200. Litakuumiza tu kwa gharama kubwa zaidi, tena bila kulegea, maana ukaidi huo ndio uliolipia.

Usianze na bei. Anza na mguu. Pimwa miguu yote miwili, umesimama, jioni kuliko asubuhi kwa sababu mguu huvimba mchana, na uwe umevaa soksi ile ile nyembamba utakayochezea. Namba ya kiatu cha hoki huwa chini ya ile ya kiatu chako cha kawaida kwa namba moja au moja na nusu. Usibishane na muuzaji juu ya hilo. Ukisimama wima, vidole viguse ncha kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma viiache. Kisigino kisinyanyuke hata chembe. Kisha funga macho usahau namba na uulizie upana: Bauer wana saizi tatu za umbo, CCM nao wanatofautisha mguu mwembamba, wa kawaida na mpana. Wengi wanaosema kampuni fulani inatengeneza viatu vibaya walipewa upana usio wao.

Fanya jaribio la penseli. Vaa kiatu bila kufunga kamba, vuta ulimi mbele, kisha laza penseli juu ya matundu ya kamba, ya tatu kutoka juu. Penseli ikikaa bila kugusa mgongo wa mguu, kina kinatosha. Ikikwama juu ya mguu, buti ni fupi kwa kina, na baada ya wiki chache kamba zitakuwa zinakubana mshipa wa juu ya kifundo hadi ushindwe kuvaa hata kandambili. Jaribio hili halichukui dakika moja, na ni aibu kwamba watu hulipa elfu moja bila kulifanya.

Usinunue namba ya mwakani. Tabia ya kununua kiatu cha shule kikubwa ili mtoto akikulie tunaifahamu sote, na kwa kiatu cha shule ina busara yake. Kwenye barafu haina. Mguu unaocheza ndani ya buti hauwezi kusukuma chuma pembeni; mtoto atalaza vifundo ndani, atachoka mapema, na kocha atadhani ni mvivu. Nusu namba ya kukulia, basi. Zaidi ya hapo umenunua buti la mtoto mwingine.

Kunja goti ndani ya buti. Kipengele hiki kina uzito kuliko vyote vilivyobaki, kwa hiyo usikiruke. Nguvu ya mchezaji wa hoki hutoka kwenye goti lililokunjwa: goti linakwenda mbele ya vidole, kifua kinainama, mguu unasukuma pembeni na nyuma. Ili goti lifike mbele, kifundo lazima kikunje, na ili kifundo kikunje buti lazima likubali kidogo kwa mbele. Buti la ngazi ya juu limetengenezwa kwa mwanamume wa kilo 90 anayepiga kona kwa kasi mara mia katika mechi moja. Mtoto wa kilo 35 hana uzito wa kulikunja. Atasimama wima kama mlingoti, atakaa juu ya visigino, hatua zake zitakuwa fupi, na utaambiwa anahitaji masomo zaidi wakati anahitaji buti laini zaidi. Dukani, funga kamba kama utakavyofunga uwanjani, simama, kunja. Goti lisipopita ncha ya kiatu bila kulazimishwa, rudisha jozi hiyo ukutani hata kama ipo kwenye punguzo. Hasa kama ipo kwenye punguzo.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Buti la kuanzia la dola 150, likivaliwa na mtu mzima mzito, hulegea pande zote kabla msimu haujaisha, na mtu anayecheza ndani ya buti lililolegea anajifunza kuteleza vibaya. Wanaosema rahisi ni ghali wana haki hapo. Hawana haki wanapoisukuma methali hiyo hadi kwenye rafu ya juu kabisa.

Usimtaje mchezaji wa NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, mbele yangu. Bobby Orr wa Boston Bruins aliongoza ligi nzima kwa pointi katika msimu wa 1969–70, akiwa beki, akazikusanya 120. Alicheza bila soksi, katika viatu vya enzi ya ngozi ambavyo leo kijana wa miaka kumi na mitano angevikataa. Mchezaji wa kulipwa wa leo anavaa kaboni kwa sababu ana uzito, kasi na idadi ya saa zinazovunja buti la kawaida, na hata hiyo kaboni anaimaliza na kubadilisha ndani ya msimu. Hailipii yeye. Wewe unailipia.

Fanya hesabu ya saa. Chukua bei, igawe kwa saa utakazokuwa kwenye barafu hadi kiatu kife au mguu ukue. Mtu mzima anayecheza saa moja kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, anapata saa 90 katika miaka mitatu. Jozi ya dola 1,200 inamgharimu zaidi ya dola 13 kwa saa. Ya dola 500 haifiki 6. Sasa mchukue mwenzake wa kilo 100 anayecheza mara tatu kwa wiki. Miaka hiyo hiyo mitatu inampa saa 270. Kwake tofauti ya dola 700 inakuwa chini ya dola 3 kwa saa, na jozi ya katikati huenda asiifikishe mwaka wa tatu. Huyo anunue ya juu na asiombe radhi kwa yeyote. Mtoto ambaye mguu wake unabadili namba kila msimu hesabu hii haimwokoi hata kidogo.

Nunua ya juu ukiwa mmoja wa hawa, si vinginevyo. Mzito anayecheza sana, kama huyo hapo juu. Kijana aliyekwisha maliza kurefuka, anayefanya mazoezi karibu kila siku, ambaye kocha wake, na si muuzaji, amesema analilegeza buti alilonalo. Na mtu mwenye mguu usio wa kawaida: kisigino chembamba na vidole vipana, au mfupa uliojitokeza. Kwa huyu wa mwisho kiatu kinachotengenezwa kwa kipimo cha mguu wake, kwa bei inayolingana na ya ngazi ya juu, kinastahili kila senti. Hapo fedha inanunua ukaaji, jambo ambalo kaboni peke yake haifanyi.

Ukiwa na fedha ya ziada, weka kwenye chuma. Vishikizi vingi vya sasa huachia chuma kwa kubonyeza au kuvuta kifyatuo, kwa hiyo unaweza kununua buti la katikati na kuvalisha chuma bora, mradi kiingie kwenye kishikizi ulichonacho. Mguu hauwezi kutofautisha gramu chache za buti, lakini barafu inatofautisha ukingo mkali na ukingo butu mara ya kwanza unapogeuka. Jozi ya pili ya vyuma, iliyonolewa na kuwekwa mkobani, ina faida kwa mchezaji wa ligi ya mtaa kuliko kaboni yote ya Kanada.

Usiteleze kwa chuma ambacho hakijanolewa. Viatu vipya vingi hutoka kiwandani bila makali ya kuchezea. Watu huvivaa hivyo hivyo, wanaanguka, wanalaumu kiatu. Chuma cha hoki kina mfuo katikati na kingo mbili. Mnoaji atakuuliza unataka mfuo wa nusukipenyo kipi; kikiwa kidogo, mfuo huwa wa kina zaidi. Nusu inchi ni jibu salama la kuanzia. Mfuo wa inchi tatu kwa nane una kina zaidi na hung'ang'ania barafu. Wa tano kwa nane ni wa juujuu na huteleza kwa urahisi. Chagua mmoja, ukae nao, umtafute mnoaji mmoja na umheshimu. Anayebadili mfuo kila wiki hatajua kamwe kama tatizo ni chuma au ni yeye.

Kwa anayechezea Nairobi neno hili lina uzito maradufu. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa 2005, na hapo ndipo walipochipuka wachezaji wa timu ya Kenya Ice Lions, wale ambao mwaka 2018 kampuni ya mikahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada wakacheza bega kwa bega na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Ukiwa mbali na maduka ya hoki, swali la kwanza la kiatu chochote, cha bei yoyote, ni nani atakinoa na chuma cha akiba kitatoka wapi. Jozi ya dola 1,200 yenye chuma kisichopatikana itashindwa na jozi ya dola 300 iliyonolewa.

Nunua toleo la mwaka uliopita. Kampuni hutoa matoleo mapya, na la zamani hushushwa bei likiwa bado halijavaliwa. Mara nyingi kilichobadilika ni rangi, jina na maneno ya tangazo. Ukiona ngazi ya pili kutoka juu ya mwaka jana ikiwa kwa bei ya katikati, na mguu wako umekubali, umepata.

Mitumba: viatu ndiyo, helmeti hapana. Kwa watoto, viatu vilivyovaliwa msimu mmoja ni chaguo zuri, na Amerika Kaskazini kuna maduka yanayoishi kwa biashara hiyo, kama Play It Again Sports. Bonyeza pande za kifundo: zikikunjana ndani, acha. Tazama kimo cha chuma kilichobaki na misumari ya chini kama ina kutu. Helmeti usinunue ya mtumba, kwa kuwa huwezi kuona pigo lililokwisha kupita ndani yake.

Usinunue kaboni kabla ya kinga ya shingo. Oktoba 2023, mjini Sheffield, Uingereza, mchezaji Adam Johnson alikufa baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu katikati ya mechi. Marekani, shirikisho la USA Hockey lililazimisha kinga ya shingo kwa vijana kuanzia Agosti 2024. Inagharimu sehemu ndogo sana ya tofauti tunayoibishania hapa. Mzazi aliyenunua viatu vya elfu na kuacha shingo ya mwanawe wazi asiniulize kuhusu ubora.

Usioke viatu jikoni. Duka lina oveni yake ya kulainisha buti ili lichukue umbo la mguu: joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi, dakika chache, kisha unafunga kamba na kukaa mpaka buti lipoe juu ya mguu. Baada ya hapo usiteleze kwa saa 24. Oveni ya nyumbani ina sehemu zenye moto mkali, na gundi ya kiatu haina huruma. Na huduma hiyo isikufanye ununue kiatu kibaya: joto hulainisha panapobana kidogo, halibadili namba wala upana.

Usimtumie muuzaji kisha ukanunue mtandaoni. Amekupima nusu saa, amepiga magoti, amekuletea jozi saba. Kama bei yake imezidi, mwambie, wengi hupunguza. Ukiondoka na kipimo chake ili uokoe dola 40, umemwibia.

Usimnunulie mtu kwa siri. Kiatu cha hoki hakiwi zawadi ya kufungwa kwa karatasi. Mguu uwepo dukani.

Rudi nacho nyumbani, ukivae kwenye zulia jioni nzima. Funga vikinga vya chuma, tembea, kaa, tazama mechi. Ganzi kwenye vidole, moto chini ya unyayo, kisigino kinachochubuka, vyote vitajitokeza kabla ya kulala. Usikioke na usikinoe mpaka uwe na uhakika, kwa sababu maduka mengi hayapokei tena kiatu kilichokwisha pita kwenye oveni au kwenye jiwe la kunolea.