Chekechea ya Kaunti Haiulizi Mama Anafanya Kazi Siku Ngapi

Mama mmoja wa Zombe, katika Kaunti ya Kitui, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa soko ni dogo na watu wanajuana, ametuandikia kwamba hupika katika hoteli ya chakula siku tatu kwa juma, na msimu wa ndengu unapowadia huongeza vibarua vya kuchuma katika mashamba ya watu. Anasema kwamba alimpeleka mwanawe wa miaka minne katika chekechea ya kaunti iliyo karibu naye, na yule aliyekuwa akiandikisha watoto akamwambia kuwa nafasi hupewa kwanza wazazi wenye kazi ya kudumu, alete barua ya mwajiri, na ya kuwa yeye, maadamu siku nne kati ya saba yuko nyumbani, hana udhuru wa kutaka mtoto wake alelewe na serikali. Baada ya kubembeleza sana mtoto alipokewa, ila hurudishwa nyumbani kila mwezi usipolipwa mchango wa uji na wa mpishi, mchango ambao haujapata kutolewa risiti. Anauliza: je, mtu wa kazi ya siku chache anastahiki malezi yanayogharimiwa na serikali, au hayo yamewekewa walioajiriwa?

Jibu letu ni kwamba anayestahiki si mama, ni mtoto. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapofafanua elimu hiyo, huitia chekechea ndani yake. Na katika maandishi hayo yote hakuna mahali ambapo haki ya mtoto imefungamanishwa na ajira ya wazazi wake, wala palipotajwa saa, siku, mshahara au barua ya mwajiri. Huko Uingereza, kama ndugu zetu walioko huko wanavyotuhadithia, serikali huwalipia watoto wa wazazi wanaofanya kazi hadi saa 30 za malezi kwa juma, mradi kila mzazi awe na pato lisilopungua ujira wa saa 16 kwa kima cha chini cha nchi ile, na hata huko mfanyakazi wa siku chache hakutupwa nje. Sharti hilo ni la kwao. Aliyelileta Zombe amelileta kwa mkono wake mwenyewe.

Na kwa nini alilete? Kwa sababu mwenye mshahara hulipa michango bila kuuliza, naye kibarua huomba asubiriwe hadi siku ya soko. Kwa hivyo swali la kazi ni swali la fedha lililovikwa kanzu. Mtego wenyewe umo katika ule uji, na tumeuona ukiwanasa wazazi wengi mno katika sehemu za Kitui na Makueni hata haifai tuupite kwa haraka. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi hukataza shule ya umma kumtoza mzazi ada ya mafunzo. Huruhusu michango mingine kwa idhini ya Waziri, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na papo hapo husema kwamba hata ikiwa mchango umeidhinishwa, mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa kuwa haukulipwa, na kwamba asichukue mtu fedha pasipo kutoa risiti rasmi. Ukimsomea mkuu wa kituo maneno haya, hatabisha juu ya sheria. Atakuambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi, kuwa wazazi wenyewe walikubaliana katika mkutano. Nasi tunaijua mikutano hiyo: hoja hupitishwa kwa makofi, mwenye kuuliza hutazamwa kama mtu asiyempenda mwanawe, na asiyefika kwa kuwa alikuwa kibaruani huhesabiwa kuwa ameridhia. Wazazi wana hiari ya kuchanga, na wengi huchanga kwa moyo mweupe, kwani mtoto hasomi kwa njaa. Lakini mkutano wa wazazi hauna mamlaka ya kumfukuza mtoto wa mtu, maana mamlaka hayo hakupewa hata Waziri.

Desturi hii ina asili yake. Chekechea zetu nyingi zilizaliwa katika siku za Harambee, wazazi wakajenga banda na kumlipa mwalimu kwa mifuko yao, na kutoza likawa jambo la kawaida kabla serikali haijaweka mkono. Lakini chini ya Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti, yenye fungu lake katika bajeti, na afisa anayeendelea kukusanya fedha zisizoandikwa mahali popote hawezi kujificha nyuma ya wazee wetu waliobeba mawe.

Basi, mama, ukirudishiwa mtoto tena, usigombane mlangoni. Ibara ya 47 ya Katiba humpa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi kila mtu ambaye uamuzi wa afisa umeigusa au unaelekea kuigusa haki yake. Omba sababu hizo ziandikwe, zitiwe sahihi na tarehe. Aghalabu mtoto hupokewa hapo hapo, kwa sababu hakuna afisa atakaye kuandika kwa mkono wake kwamba amemfukuza mtoto kwa ajili ya uji. Akikataa, barua yako iende kwa idara ya chekechea ya kaunti mjini Kitui, na nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kuhusu kazi yako yenyewe, umeandika kwamba huu ni mwaka wa tatu na bado unaitwa kibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, husema kuwa kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au kazi ambayo haitarajiwi kwisha kabla ya siku zilizo sawa na miezi mitatu, ahesabiwe mwajiriwa wa mwezi. Na kuwapikia wasafiri sokoni ni kazi isiyo na mwisho. Mwajiriwa wa namna hiyo akijifungua ana likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, ambayo hukupewa. Mwenye hoteli atadai kwamba siku tatu kwa juma hazifuatani, na hapo sheria inamwachia upenyo, kwa kuwa ilimtaja kibarua na ikamtaja wa mwezi, lakini huyu wa katikati, ambaye ndiye aliyejaa katika masoko yetu, haikumpa fasili. Huo ni ubishi wa kupelekwa kwa afisa wa kazi, nao una nguvu zaidi kuliko mwenye hoteli anavyodhani.

Limebaki jambo ulilolitaja mwishoni mwa barua, kana kwamba ni dogo: kwamba mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu huachwa na dadaye wa miaka kumi, ambaye siku hizo tatu haendi shuleni. Hili ndilo lililotukera kuliko yote, wala si juu yako. Kifungu cha 30 cha sheria ile ile ya elimu humtia hatiani mzazi asiyempeleka mtoto shule, kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nayo Katiba, katika Jedwali la Nne, imeandika kwamba vituo vya kulelea watoto ni kazi ya serikali za kaunti, imeviweka bega kwa bega na chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Chekechea zimejengwa, kwa kuwa jengo huzinduliwa na utepe hukatwa. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miaka minne hana kituo cha umma cha kupelekwa hapo ulipo, na hata aliyetimiza hurudishwa adhuhuri, wakati sufuria za hoteli ndipo zinapopakuliwa. Mama aliyekosa pa kumweka mtoto mchanga aweza kufungwa, ilhali kaunti iliyopewa kazi hiyo na Katiba ya mwaka 2010 haikuandikiwa adhabu yoyote kwa kutoifanya. Sheria iliyotungwa hivi imemchagua wa kumwandama, nayo imemchagua mnyonge.

Binti arudi shuleni, hata ikibidi jirani alipwe kidogo kumshika mdogo wake. Kisha, Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 humruhusu mtu yeyote kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Liandikeni, wewe na akina mama wenzako wa sokoni, mkamkabidhi mwakilishi wa wadi ya Zombe/Mwitika kabla makadirio ya bajeti hayajafika bungeni mwishoni mwa Aprili, mkiuliza swali moja tu: mwaka huu vituo vya kulelea watoto, ambavyo Katiba imevitaja kwa jina, vimetengewa shilingi ngapi? Na jibu lake, hata likiwa ni sufuri, mwambieni aliandike.